Mpingo na Kiwi: Deni la Ukweli la Mtunisha Misuli

Mhadhara wa umma uliotolewa Mtwara



Wachongaji wa Kimakonde, wa upande huu wa mto Ruvuma na wa ng'ambo, wanaijua vizuri hila moja ya soko la vinyago. Mti mweupe, mwepesi, huchongwa, hupakwa Kiwi nyeusi ya viatu, husuguliwa kwa kitambaa hadi ung'ae, kisha huuzwa kwa mgeni kwa jina la mpingo. Mnunuzi mzoefu haingii mkenge. Hukipima kinyago kiganjani, kwa kuwa mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, halafu hukigeuza na kukikwangua kitako kwa ncha ya kisu aone kilichojificha chini ya rangi. Hakuna ubaya katika kupaka mti rangi; milango na viti vyetu vimepakwa na hatulalamiki. Ubaya unaingia pale muuzaji anapotamka neno "mpingo". Nimeanza na vinyago kwa sababu suala la leo, yaani ukweli kuhusu steroidi katika utunishaji misuli wa kulipwa, hujadiliwa karibu kila mara kama wizi wa ushindi: nani kamdhulumu nani jukwaani. Nitatetea hoja kwamba katika mchezo huu mjadala huo umebisha hodi mlango usio wake. Mtunisha misuli anadaiwa ukweli, ndiyo, lakini mwenye kumdai hayuko jukwaani pamoja naye. Yuko Chikongola au Magomeni, hapa Mtwara, ana umri wa miaka 17, ananyanyua bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa zege, na picha ya bingwa anaisoma kama maelekezo ya kazi.

Kwanza tuweke majina sawa, maana neno steroidi limebeba mizigo miwili. Zipo steroidi za kutuliza uvimbe na mzio, kama prednisoloni na deksamethasoni, ambazo madaktari huziandika kila siku. Hizo nazo hutumiwa vibaya: watu huzimeza ili wanenepe, na jamaa zake zimeingia katika mkorogo wa kuchubua ngozi. Ila mimi nazungumzia za misuli, yaani testosteroni, homoni ya kiume, pamoja na dada zake waliozaliwa maabara: nandroloni, stanozololi, methandienoni. Testosteroni iliundwa maabara mwaka 1935, na wanasayansi walioongoza kazi hiyo, Adolf Butenandt na Leopold Ružička, wakagawana tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1939. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba iliingiza vidonge vya Dianabol katika soko la Marekani. Mashindano ya Mr. Olympia yalianza mwaka 1965. Ukiipanga miaka hiyo utaona kwamba mchezo huu wa kulipwa haukuvamiwa na dawa ukiwa mtu mzima mwenye desturi zake. Dawa zilitangulia, mchezo ukalelewa nazo nyumba moja.

Katika mji wa bandari kama huu wetu, mwili husomwa kama cheti. Kuli anayebeba magunia ya korosho ya kilo 80 ana mabega yasiyohitaji maelezo. Kila mtu anajua yametoka wapi. Mvuvi wa Msimbati anayekokota nyavu ni vivyo hivyo. Kwa vizazi tumezoea kuona misuli tukahitimisha kazi, na tukiona misuli mingi tukahitimisha kazi nyingi. Ilikuwa kanuni nzuri, na kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu ilikuwa sahihi. Steroidi zimeivunja, na ushahidi wa wazi zaidi ninaoujua ni jaribio la Shalender Bhasin na wenzake lililochapishwa mwaka 1996 katika New England Journal of Medicine. Wanaume 43 waliokwisha kuzoea vyuma waligawanywa makundi manne kwa wiki 10. Baadhi walichomwa miligramu 600 za testosteroni kila wiki, wengine sindano isiyo na dawa. Na katika kila upande wapo waliofanya mazoezi na wapo waliokatazwa. Waliofanya mazoezi bila dawa waliongeza karibu kilo 2 za mwili usio na mafuta. Waliochomwa dawa bila mazoezi waliongeza kilo 3 na kidogo. Waliopata vyote viwili waliongeza kilo 6.

Naomba namba hizo zitulie kidogo. Aliyekaa kitako akichomwa sindano alimpita aliyetoka jasho. Simaanishi kwamba bingwa ni mvivu. Kundi la kilo 6 linaonyesha kwamba jasho lake ni la kweli na lina kazi yake, na bila nidhamu ya chakula na usingizi hata sindano haimfikishi jukwaani. Lakini cheti kimechafuka. Anayeutazama mwili ule hawezi tena kujua sehemu ipi ni ya jasho na ipi ni ya chupa, na hana pa kukwangua. Kinyago hukigeuza ukaona kitako chake; mwili wa mtu hauna upande huo. Kwa hiyo mtazamaji amebaki na njia moja tu ya kujua, nayo ni kuambiwa. Hapo ndipo deni linapozaliwa.

Mtasema: lakini wapinzani nao hawadhulumiwi? Katika michezo mingi, wanadhulumiwa. Katika utunishaji misuli wa kulipwa wa ngazi za juu, ni vigumu kuona dhuluma hiyo, kwa sababu wote jukwaani wanajua kinachoendelea na hakuna anayepima kwa dhati. Walijaribu mara moja. Mwaka 1990 Shawn Ray alishinda Arnold Classic kisha akanyang'anywa ushindi baada ya kipimo, na mwaka huohuo Mr. Olympia nayo ikapima. Zoezi lile halikugeuka kuwa desturi. Tangu hapo pana kanuni ya karatasini na kanuni ya ukumbini, na washindani wanaishi kwa ile ya pili. Pale ambapo wote wanacheza kwa kanuni moja isiyoandikwa, ni shida kumwita mmoja wao mwizi. Arnold Schwarzenegger amekiri kwamba alitumia steroidi enzi zake, wakati hazijawa haramu kama zilivyokuja kuwa. Dorian Yates, bingwa wa Mr. Olympia mara 6 kuanzia 1992 hadi 1997, amezungumzia matumizi yake bila kujikanyaga. Hakuna mpinzani aliyedai arudishiwe kikombe chake.

Hapo hujitokeza pingamizi la kwanza, nalo lina sauti ya mjuzi: kama kila mtu anajua, uongo uko wapi? Swali langu ni dogo tu: kila mtu ni nani? Waamuzi wanajua, waandaaji wanajua, wauza poda za protini wanajua, na waliokaa jimu miaka 10 wanajua. Kijana wa miaka 17 hajui, na ndiye anayelipa ada ya jimu na ndiye anayenunua poda. Ujuzi wa walio ndani hauwezi kuhesabiwa kuwa taarifa kwa aliye nje. Wachongaji wote wa soko wakijua kwamba kinyago kile ni mti mweupe, mgeni anayekinunua hajafahamishwa chochote. Na madhara yake ni ya vitendo. Kijana huyo hufuata ratiba ya bingwa, hula mayai ya bingwa, na baada ya mwaka hufanana na yeye mwenyewe. Hapo huhitimisha moja kati ya mambo mawili: kwamba yeye ni dhaifu kwa maumbile, au kwamba kuna siri anayofichwa. Hitimisho la pili ndilo sahihi, ila analifikia peke yake, akiwa na hasira, na mtu wa kwanza kumfunulia siri huwa ni yule mwenye chupa ya kuuza.

Chupa hiyo ina gharama, na hapa sitaki kuharakisha. Testosteroni ya nje ikiingia kwa wingi, ubongo hupunguza amri ya kutengeneza ya ndani; korodani husinyaa na mbegu za kiume hupungua, wakati mwingine karibu kwisha. Akiacha ghafla, mwili unaweza kuchukua miezi kabla ya kuamka, na kuna ambao hauamki kikamilifu. Mwanamke anayetumia anaweza kubadilika sauti, na sauti ile hairudi. Anayetumia kabla hajamaliza kukua anaweza kufunga mifupa yake mapema na kubaki mfupi. Moyo ndio wenye habari mbaya zaidi. Mwaka 2017 Aaron Baggish na wenzake walipima wabeba vyuma 140, 86 kati yao watumiaji wa steroidi, wakakuta kwamba mioyo ya watumiaji inasukuma damu kwa nguvu ndogo kuliko ya wasiotumia. Denmark, watafiti waliwafuatilia wanaume 1,189 waliobainika kutumia steroidi katika majimu ya nchi hiyo. Hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 2.8 ya wanaume wengine wa rika lao. Mwaka 2025 jarida la European Heart Journal lilichapisha uchunguzi wa watunisha misuli wanaume zaidi ya 20,000 walioshindana kati ya mwaka 2005 na 2020. Vifo 121 vilipatikana, wastani wa umri ukiwa miaka 45, na kifo cha ghafla cha moyo kikaongoza. Waliokuwa wa kulipwa walikuwa na hatari hiyo mara 5 zaidi ya wa ridhaa.

Mwanasayansi mwangalifu atanikumbusha kwamba uchunguzi huo wa mwisho hautenganishi dawa na mambo mengine ya mchezo: njaa ya makusudi, uzito wa kupindukia, na kukausha mwili maji siku za mwisho ili ngozi ishikane na misuli. Ni kweli, na nakubali. Mohammed Benaziza, aliyefariki mwaka 1992 baada ya kushindana Uholanzi, hutajwa hadi leo kama funzo la dawa za kukojoza, wala si la steroidi. Lakini tazameni jinsi pingamizi hilo linavyoongeza deni badala ya kulipunguza. Kama hatujui ni kipi hasa katika kapu kinachoua, basi anayeuziwa picha ya kapu anastahili kuambiwa vyote vilivyomo.

Pingamizi la pili ndilo linalonipa shida, na sitajidai nimelimaliza. Linasema: ukimwambia kijana kwamba bingwa alitumia, umemtangazia dawa. Mfano upo. Rich Piana wa Marekani alijenga umaarufu wake juu ya uwazi huo. Alisema hadharani kwamba ametumia kwa zaidi ya miaka 20, akatahadharisha, na wafuasi wakaongezeka. Alifariki mwaka 2017 akiwa na miaka 46. Ni haki kuuliza ni wangapi walisikia tahadhari na wangapi walisikia mapishi. Ninachoweza kujibu ni kwamba ukweli una pande zote mbili, na ule uliozoeleka kukiriwa ni upande mmoja. Bingwa akisema "nimetumia" akiwa amesimama chini ya taa, mafuta yanamng'aa kifuani, hajasema ukweli wote; amesema nusu inayopendeza. Nusu ya pili ni majibu ya vipimo vya moyo, ni safari za kliniki ya uzazi, ni sindano anayoendelea kuchomwa akiwa na miaka 50 kwa sababu mwili umeacha kujitengenezea. Kukiri bila gharama ni tangazo kweli. Hata hivyo ukimya nao ni tangazo, tena lenye nguvu zaidi, kwa kuwa unatangaza kitu kisichokuwepo: mwili ule kwa bei ya mayai na jasho tu.

Wapo watakaosema mwili ni wa mwenyewe na siri za tiba ni zake. Nakubaliana nao hadi mlango wa duka. Mtu anayetumia chooni kwake na asiuze chochote hanidai wala simdai. Akianza kuuza ratiba za mazoezi, poda au darasa kwa kuuonyesha mwili wake kama ushahidi kwamba bidhaa inafanya kazi, mwili umeacha kuwa siri umekuwa lebo. Mmarekani Brian Johnson, aliyejiita Liver King, aliwauzia watu maini yaliyokaushwa na hadithi ya kuishi kama wahenga. Desemba 2022, barua pepe zake zilipovuja, alikiri kwamba alikuwa akitumia steroidi. Maini ni chakula kizuri, hata hapa tunayala. Ila hayakuwa ndiyo yaliyoujenga mwili uliokuwa kwenye tangazo. Msemo wetu wa chema chajiuza, kibaya chajitembeza haumfai mtu huyu: alitembeza kitu chema, akakiuzia sifa za kingine.

Sasa tuje karibu na nyumbani, kwenye swali la adhabu, maana ukweli una bei na bei hiyo hupangwa na sheria. Kenya imepitia mtihani huu katika riadha. Ilitunga sheria yake dhidi ya dawa haramu michezoni mwaka 2016, na orodha ya waliofungiwa imekuwa ndefu. Kesi ya Ruth Chepngetich inafundisha kuliko zote. Oktoba 2024 alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2:09:56, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya 2:10. Machi 2025 mkojo wake ulikutwa na haidroklorothiazidi kwa kiasi cha takribani nanogramu 3,800 kwa mililita, wakati maabara hutakiwa kuripoti kuanzia 20. (Magazeti yetu yaliandika "dawa za kusisimua misuli", kama yanavyoandika kwa kila kitu. Ile ni dawa ya presha, ya kukojoza, ndugu wa zile wanazojikaushia watunisha misuli. Hutumika pia kuficha dawa nyingine.) Mwanzoni hakuwa na maelezo. Baadaye akasema alikunywa dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuichunguza. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilimshtaki, akakiri, na kwa kukiri mapema adhabu ya miaka 4 ikawa miaka 3. Rekodi yake ya Chicago imebaki.

Yako mengi ya kubishania hapo, na mimi sioni kwamba maelezo hayo yalimheshimu mfanyakazi yule. Ninachokichukua ni lile punguzo la mwaka mmoja. Kuna watu walikaa wakaamua kwamba ukweli unapaswa kuwa nafuu kuliko uongo, wakaiandika nafuu hiyo katika kanuni kwa namba. Kwetu hesabu imekaa kinyume. Testosteroni ni dawa ya cheti. Anayeipata bila cheti amevunja sheria, na mwalimu wa jimu anayemchoma mwenzake amevunja zaidi. Kwa hiyo kijana anayehisi moyo unamwenda mbio huingia zahanati akasema amekunywa kahawa nyingi. Sidai sheria ya dawa ilegezwe. Tumetoka mbali hadi kufikia hapa, na mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia kwa jirani zetu wa mkoa wa Ruvuma mwaka 2003 hasa kwa sababu dawa zilikuwa zikiuzwa na yeyote kwa yeyote. Ninachosema ni kwamba kwa mtumiaji mwenyewe, aliye mbele ya daktari, ukweli usimgharimu kitu. Muuzaji na mchomaji ni habari nyingine.

Kuhusu mashindano, wengi hutarajia nipendekeze upimaji. Sipendekezi, na sababu yake ni ya mkoba. Maabara yenye ithibati kamili ya kupima dawa michezoni katika bara letu lote ipo Bloemfontein, Afrika Kusini. Mwandaaji wa shindano la kutunisha misuli Mtwara, anayehangaika na kodi ya ukumbi na spika, hawezi kusafirisha mikojo ya washindani 20 hadi huko, na kumlazimisha ni kumfundisha kughushi. Lakini baina ya kupima na kunyamaza kuna njia ya tatu ambayo haina gharama. Mnada wa korosho unatuonyesha: sampuli hutolewa, unyevu hupimwa, korosho hukatwa kuangaliwa kokwa, na mzigo unauzwa kwa daraja lake. Daraja la pili lina mnunuzi wake na bei yake. Kisichokubalika ni mzigo usiopimwa kupewa jina la daraja la kwanza. Mwandaaji basi achague: ama apime, ama aandike kwenye bango na kwenye tiketi maneno mawili, "washindani hawakupimwa". Denmark wameligeuza wazo linalofanana na hilo kuwa sheria: jimu hulazimika kuweka alama mlangoni inayoonyesha kama inashirikiana na wapimaji au la. Anayeingia anajua anaingia wapi.

Mji huu una sababu ya kuelewa kwa nini nang'ang'ania maneno mawili. Gati letu na reli iliyokwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikustawi. Mpango huo wa karanga ulianza mwaka 1947 kwa hesabu zilizopendeza, ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na bandari ilipokamilika mwaka 1954 mzigo uliokusudiwa haukuwepo. Waliolima walijua mapema kwamba ardhi haikubali. Taarifa zao hazikupanda ngazi kwa kasi ya zile zenye matumaini.

Mwandaaji atanijibu kwamba akiandika hivyo watu hawatakuja. Watakuja. Mashabiki wengi wa Mr. Olympia wanajua ilivyo na ukumbi hujaa kila mwaka. Watu hupenda kutazama kisichowezekana, na sioni sababu ya kuwanyima. Kitakachobadilika ni swali la kijana wa mstari wa nyuma. Leo akitoka ukumbini anauliza afanye nini awe vile. Akiwa amesoma bango, atauliza yule alitumia nini na kimemgharimu nini, na atakayeulizwa kwanza ni mwalimu wake wa jimu, saa kumi na mbili jioni, kando ya makopo ya zege. Mwalimu huyo atahitaji kuwa na jibu. Wengi wao wanalo tangu zamani, hawajawahi kuulizwa.